Namba Mbili Zinazofanya Mia Moja

Masika wangu,

Uko uani na mama yako, munakunja nguo. Mimi niko mezani, hatua kumi tu kutoka kwako, na bado nakuandikia barua. Ungeingia sasa ukaniuliza ninamwandikia nani, ningekudanganya. Ningesema ni ripoti ya shule. Najijua. Ndiyo maana nimesukuma mlango ukafungika.

Mambo ya mji wa Beni unakohamia mama yako amekuambia yote: chumba cha mtaa wa Mulekera, ndoo yenye kifuniko, kupanda moto ya mtu unayemjua, si kila pikipiki, kuwa ndani kabla ya giza. Sina cha kuongeza hapo. Juu ya kufundisha pia sina, kwa sababu diplome yako ni kubwa kuliko yangu, na wale batoto watakaokuita Mwalimu kuanzia juma lijalo wana bahati. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka kumi, na leo limenishinda.

Kesho asubuhi, kabla hujapanda gari, watu wa kanisa watakuja hapa. Unajua tunavyofanya. Mchungaji ataomba, kisha atanigeukia mbele ya wote aulize: Baba, kuna neno kati yako na huyu mutoto? Mzazi anajibu hakuna, ndipo anaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Nimeliona hili mara nyingi, na sijawahi kumsikia baba hata mmoja akijibu kuna. Mimi nami nilikuwa nimejiandaa kusema hakuna. Siku ya Mungu iliyopita, kanisani, Mchungaji aliponikumbusha, nilimwambia kwa sauti ya juu kabisa kwamba mimi na Masika hatuna shida yoyote. Halafu nikakosa kula.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kifaransa changu cha kalasi kinajua sana kunificha. Nikisema "une erreur", kosa tu, inaonekana kama kitu kidogo kilichoanguka chenyewe. Haikuwa erreur. Nilifanya kwa makusudi, na kalamu mkononi.

Nianzie kwa babu yako. Wewe ulikuwa mdogo bado alipolala ile ndwele ya mwisho, pale Vuhovi. Shangazi yako Kavira alikuwa amerudi nyumbani, bwana yake amekufa, hana mtoto. Ni yeye aliyemwosha babu, aliyemlisha uji, aliyemgeuza. Mimi mwanaume nilikuwa nafundisha, nafika jioni, nauliza hali, nakaa kwenye kiti. Bon, siku moja babu aliita wazee wa ukoo akasema shamba lake lote ligawanywe mara mbili, sawasawa, nusu yangu, nusu ya Kavira. Wazee walitazamana. Unajua kwetu, mwanamke kupewa udongo wa baba yake ni jambo la watu kunong'ona. Lakini mtu anayekufa habishiwi.

Tulipomzika, wazee wakaniambia: wewe ni mwalimu wa hesabu, gawanya. Pale kwetu walikuwa wanapima kwa kamba. Unazungusha kamba kwenye ukingo wa shamba, unarudi mahali ulipoanzia. Kama kamba ileile imetosha kuzunguka shamba la kwanza, kisha la pili, bila kubaki na bila kupungua, basi yanalingana, kila mtu anaenda nyumbani. Sijui ni nani aliyeanzisha. Inaonekana ni haki kabisa, kwa sababu kila mtu anaona kamba kwa macho.

Sasa shika kalamu, mwalimu. Shamba la babu lilikuwa na sehemu ya juu iliyo pana, na chini yake ukanda mwembamba unaofuata kijito. Kamba tuliyounga ilikuwa ya hatua mia mbili. Sehemu ya juu nikaipima hatua hamsini kwa hamsini. Ukanda wa chini nikaupima hatua themanini kwa ishirini. Hamsini na hamsini ni mia moja. Themanini na ishirini ni mia moja. Ukizunguka pande zote nne, kila sehemu inatoka mia mbili, kamba inafika, wazee wanaitikia kwa kichwa wanasema sawa.

Lakini maharagi hayapandwi kwenye kamba. Yanapandwa ndani. Hamsini mara hamsini ni elfu mbili mia tano. Themanini mara ishirini ni elfu moja mia sita.

Nilijua hivyo, Masika. Sikugundua baadaye. Siku moja kabla ya kupima nilikaa kwenye ofisi ya walimu, nikachukua daftari la mwanafunzi mmoja, nikageuza nyuma, nikajaribu: sitini na arobaini, sabini na thelathini, themanini na ishirini. Nikaona namba mbili zikiachana, huku jumla yake ikibaki ileile, zao lake, yaani ukizizidisha, linashuka. Nikachagua ile iliyonifaa na ambayo wazee hawataiona. Nikachana ule ukurasa nikaweka mfukoni. Miaka yote niliyosomea ile hesabu, mara ya kwanza kuitumia nje ya kalasi ilikuwa kumwibia dada yangu.

Nilijiambia nina batoto. Nilijiambia yeye ni peke yake, atakula nini kingi. Nilijiambia hata hicho kidogo ni kwa sababu babu alikuwa mwema, mahali pengine asingepata hata mahali pa kupanda kitunguu. Ukitaka kujisamehe, maneno hayakosekani. Na siku ile kamba ilipofungwa, Kavira alinishika mikono miwili mbele ya wazee akaniambia wasingya, ahsante, umenitendea kama baba alivyosema. Nikapokea.

Sasa nifike kwako.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mwaka wa pili wa sekondari, na mimi ndiye nilikuwa nakufundisha. Nyumbani nilikuwa Baba, kalasini ulikuwa unaniita Mwalimu, hukukosea hata mara moja. Siku ile tulikuwa tumeanza herufi. Niliandika ubaoni x na y, nikasema ni namba mbili zinazofanya mia moja zikijumlishwa, tafuteni zao lake. Nilitaka mujaribu namba mbalimbali muone kwamba majibu ni mengi. Basi. Lile somo nimelifundisha miaka mingi, nalitamka huku nafikiria mambo mengine. Wala sikukumbuka kwamba mia moja ndiyo ilikuwa mia moja yangu.

Wengine wakajaribu namba moja moja. Wewe uliandika pembeni ya daftari. Nilipita nyuma yako nikasoma juu ya bega lako. Uliandika kwamba kama jumla ni mia moja, basi moja ni hamsini na kitu, na nyingine lazima iwe hamsini kasoro kitu kilekile. Kile kitu ukakiita d. Ukazidisha. Ile d ya kuongeza na ile d ya kupunguza zikafutana, ukabaki na elfu mbili mia tano ukitoa d mara d. Hatukuwa tumefika huko. Hakuna aliyekufundisha. Na chini yake ukaandika kwa maneno: zikiachana, tunapoteza, zikiwa sawa, hatupotezi kitu.

Nilifurahi. Nataka ujue hilo pia, maana ni kweli. Kwa muda mfupi sana nilikuwa mwalimu mwenye furaha kuliko wote wa Vuhovi. Nikakuambia simama uwaeleze wenzako.

Ukasimama, ukaeleza vizuri, ukafika mwisho. Halafu nikaona macho yako yanatafuta kitu, ukasema:

"Mwalimu, donc basi shamba yetu na ya Shangazi haiko sawasawa?"

Hukusema kwa ubaya. Ulikuwa umepata mfano, kama mwanafunzi mzuri anavyopata mfano. Ulikuwa umetembea kwenye yale mashamba mawili kwa miguu yako, unajua moja ni pana na nyingine ni nyembamba, na umesikia hadithi ya kamba mara mia. Kalasi ikacheka. Wengine walikuwa wajukuu wa wale wazee waliokuwa wamesimama pale na kamba.

Unakumbuka nilichofanya. Nilitoka mbele, nikafika kwenye banc, benchi lako, nikakupiga kofi. Mkono mzima. Nikakuambia hesabu ya ubao ni ya ubao, haihusu nyumba ya watu, na kwamba hesabu yako ilikuwa na kosa. Nikachukua daftari, nikapiga mstari mwekundu juu ya yote, nikaandika "faux", si sahihi. Wewe hukulia. Ulitazama ile "faux" muda mrefu, unatafuta kosa liko wapi. Najua ulikuwa unalitafuta kwa sababu midomo yako ilikuwa inahesabu.

Hilo ndilo linaloniumiza kuliko kofi. Kofi linapoa. Lakini nilikuacha unatafuta kosa mahali ambapo halikuwepo, na mimi mwalimu wako, baba yako, nilikuwa mtu pekee pale aliyejua kwamba halipo.

Ukaenda kulala kwa Shangazi siku tatu. Sikuja kukuchukua. Uliporudi ulinisalimia vizuri, ukachota maji, na tangu hapo hukuinua tena mkono katika somo la hesabu, miaka miwili mizima. Swali rahisi kabisa, wenzako wanapiga vidole, wewe unatazama meza. Na mimi, jirani mmoja aliponiuliza mbona yule msichana mwenye akili amelegea, nilimjibu kwamba wasichana wakifika umri fulani hesabu inawachosha. Nilisema hivyo kwa mdomo huu. Mama yako alikuwepo, akanitazama, akaingia ndani.

Tulipohamia hapa Butembo ukapata mwalimu mwingine, na ile akili ikarudi. Haikurudi kwangu. Nilikuwa nakuona unawafundisha wadogo zako kwa kipande cha makaa kwenye ukuta wa jikoni, x hapa, y pale, na nikipita unanyamaza mpaka nipite. Siku ulipofaulu mtihani wa serikali watu walijaa hapa. Mwalimu, walisema, mutoto ametoka kwako, damu haipotei. Nilipokea mikono yote. Nilikunywa chai nao. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na sinia, ukanitazama mara moja tu, bila hasira. Ningependa ungekuwa na hasira.

Basi leo asubuhi nilikuambia naenda kuona mtu wa mbao. Nilidanganya tena. Nilichukua moto nikaenda Vuhovi. Nilibeba kamba mpya na vijiti vya mpaka, maana nilikuwa nimeshapiga hesabu: mashamba yote mawili pamoja ni elfu nne mia moja, nusu yake ni elfu mbili na hamsini. Nina mia nne na hamsini zisizo zangu. Mpaka wetu wa pamoja una hatua hamsini. Nikiusogeza hatua tisa kuingia kwangu, mambo yako sawa. Nilijiona mtu mwema njiani. Nilikuwa hata nimetayarisha hotuba.

Shangazi yako alikuwa anapalilia. Nilisimama kwenye ukingo nikamweleza yote, kamba, daftari, ofisi ya walimu. Hakuacha kupalilia. Nilidhani hanielewi, nikaanza upya na namba, themanini mara ishirini, kama vile niko ubaoni. Akaegemea jembe.

"Nilijua tangu mwaka ya kwanza," akasema. "Muke yako alikuwa anapanda mbegu vikapo tatu, mimi mbili. Ile nayo inaomba kalasi?"

Nilikaa chini kwenye udongo. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba angesema kwa nani. Wazee waliona kamba kwa macho yao, na mwanamke aliyepewa shamba na bado analalamika angeonekana namna gani. Akasema alingoja mimi mwenyewe niseme. Mwaka wa kwanza alingoja sana. Baadaye akazoea.

Nikachukua vijiti, nikamwambia twende tusogeze mpaka sasa hivi, nina haraka, mutoto anaondoka kesho. Akanizuia. Na maneno aliyoniambia nakuandikia kama alivyoyasema, sitaki kuyapamba.

"Udongo nilikuachiaka, ulikuwa na batoto. Lakini ile kofi ulimupiga Masika, sikukuachia. Ule mutoto alisema kitu yenye mimi niliogopa kusema. Ulimupiga ju ya shamba yangu. Alikuja hapa, akaniuliza, Shangazi, kosa yangu iko wapi? Usiku tatu anauliza. Nikamuambia sijue. Na mimi nikadanganya."

Halafu akasema: "Hapana kuja kwangu na vijiti. Anza na mutoto."

Nikarudi. Vijiti viko nyuma ya nyumba, kama umeviona na kujiuliza.

Kwa hiyo naanza na wewe. Nasema jinsi ambavyo ningependa kusema kama ungekuwa na miaka kumi na mitatu na ungekuwa umesimama mbele ya banc yako: jibu lako lilikuwa sawa. Mstari wa kwanza ulikuwa sawa, na wa pili, na ule wa maneno uliouandika chini. Hapakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na nililiandika katika daftari lako kwa wino mwekundu ili lionekane lako. Shamba letu na la Shangazi hayako sawasawa. Ndiyo, mwanangu. Ndiyo lilikuwa jibu la swali lako, nami nililijua kabla hujauliza.

Sikuambii haya ili uondoke na moyo mzito. Nilifikiria kukuacha uende kwanza, nikutumie maneno baadaye kwenye simu, wakati ambapo siwezi kuona uso wako. Hiyo ingekuwa njia yangu ya zamani. Na nimefikiria jambo lingine, nalo ni la woga mtupu: kwamba juma lijalo utasimama mbele ya batoto wa watu, na siku moja mmoja wao atainua mkono aulize kitu kinachogusa nyumba yako mwenyewe, na mkono wako utakumbuka mkono wangu. Sijui kama itatokea. Pengine wewe si mtu wa namna hiyo. Umetoka kwa mama yako zaidi. Lakini mimi pia nilidhani si mtu wa namna hiyo, mpaka nilipofika kwenye banc yako.

Kitu kimoja nilichojifunza, na nimekilipia, ni kwamba aibu ikifichwa haikai mahali pamoja. Mimi niliificha shambani, ikaja kalasini. Nikaificha kalasini, ikaja jikoni kwangu, watoto wangu wananyamaza nikipita. Sina somo zaidi ya hapo.

Sasa ya kesho. Mchungaji ataniuliza lile swali. Nitajibu kwamba kuna neno. Nitasema yote mbele yao, kamba na kofi na "faux", nao wengine walikuwa majirani zetu wa Vuhovi, watashangaa, na mmoja au wawili watakasirika kwa sababu baba zao walishuhudia ile kamba. Shangazi yako atakuwepo. Ameniahidi atakuja kwa moto ya kwanza. Nitamwambia Mchungaji kwamba mpaka wa shamba tutausogeza juma hili, kabla ya msimu ujao wa kupanda, na yeyote anayetaka kuhesabu hatua aje ahesabu.

Nimekuandikia leo ili usipigwe na mshangao mbele ya watu mara ya pili. Na ili uwe na nafasi ya kuamua. Baada ya hapo utaitwa upige magoti na mimi niweke mkono juu yako. Mkono ni uleule, sina mwingine. Kama hutauweza, baki umesimama. Mchungaji atakuombea, mama yako na Shangazi watakushika, nami nitasogea nyuma bila kukuuliza kitu, na hakuna mtu katika nyumba hii atakayekulaumu.

Barua nitaipitisha chini ya mlango wako mukimaliza kufunga mizigo. Usinijibu leo. Sitakusubiri mlangoni.

Ni mimi,
Baba yako